Mikopo ya nyumba Marekani inayotegemea mtaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili wanaonunua nyumba Marekani, hasa ile ya kwanza. Unahusu mikopo ambayo kupatikana kwake, bei yake au masharti yake huamuliwa na anwani ya nyumba kabla hata mkopeshaji hajatazama hati zako za mshahara. Viwango vinavyobadilika kila mwaka tumevitaja pamoja na mwaka wake.

Mtaa unahusikaje na mkopo wangu? Anayelipa si mimi?

Anayelipa ni wewe, lakini programu nyingi za aina hii hazikutungwa kwa ajili ya mnunuzi peke yake. Zilitungwa ili fedha zifike mahali fulani: miji midogo ambayo benki ziliikwepa, mitaa ya kipato cha chini, maeneo ya Wahindi Wekundu, mitaa yenye nyumba nyingi zilizotelekezwa. Ndiyo maana watu wawili wenye mshahara mmoja na alama za mikopo zilezile wanaweza kupata majibu tofauti kwa nyumba zinazotazamana. Mmoja anaingia bila malipo ya awali, mwenzake anatakiwa kuja na maelfu ya dola.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mpangilio wa hatua. Mtu anapenda jiko, anatoa ofa, anaweka amana, halafu ndipo anauliza kama nyumba imo kwenye eneo. Anwani iangaliwe kwanza.

"Mtaa" hapa maana yake nini hasa?

Si mtaa kama tunavyousema sisi. Kila programu ina ramani yake, na ramani hizo hazifuatani.

Mikopo ya vijijini ya Wizara ya Kilimo (USDA) hutumia ramani ya wizara yenyewe. Viwango vya juu vya mkopo wa FHA (shirika la serikali linalodhamini mikopo ya nyumba) na vya Fannie Mae na Freddie Mac (kampuni mbili zinazonunua mikopo kutoka kwa wakopeshaji) hupangwa kwa kaunti. Misaada mingi ya benki, pamoja na "maeneo lengwa" ya mamlaka za nyumba za majimbo, hutumia kata za sensa. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji (HUD) ina maeneo yake ya ufufuaji. Na FEMA, shirika la serikali la maafa, ina ramani ya mafuriko, ambayo haikupi mkopo lakini inaweza kukuharibia.

Kata ya sensa ndiyo inayowachanganya wengi. Ni kipande cha kaunti kinachokaliwa kwa kawaida na watu kati ya 1,200 na 8,000, na kina namba ya tarakimu 11: mbili za jimbo, tatu za kaunti, sita za kata yenyewe. Mpaka wake mara nyingi hupita katikati ya barabara, hivyo upande wa kulia unaweza kuwa ndani na wa kushoto nje.

Msimbo wa posta usiutumie kabisa. Uliwekwa kwa ajili ya kupeleka barua, na mmoja unaweza kugusa kaunti mbili na kata kadhaa. Jina la mji kwenye anwani nalo hudanganya: nyumba inaweza kuandikwa "Louisville", jiji la Kentucky, huku iko nje ya mipaka ya jiji.

Nitaangaliaje anwani kabla ya kutoa ofa?

Kwa USDA, fungua tovuti ya wizara ya kukagua ustahiki, chagua programu unayoitaka (ya dhamana au ya moja kwa moja), kisha andika anwani kamili. Kwa kata ya sensa, tumia kitafutio cha FFIEC, baraza la wasimamizi wa benki. Kitakupa namba ya kata na daraja lake la kipato. Kata ya kipato cha chini ni ile ambayo kipato chake cha kati (nusu ya familia hupata zaidi yake, nusu chini yake) hakifiki asilimia 50 ya kile cha eneo zima. Ya kipato cha wastani wa chini ni kuanzia 50 hadi chini ya 80, ya kati ni 80 hadi chini ya 120, na kuanzia 120 ni ya juu. Mabenki yanaposema yana msaada kwa "mitaa ya kipato cha chini na cha wastani wa chini", yanazungumzia madaraja mawili ya mwanzo, yaani chini ya asilimia 80.

Fannie Mae na Freddie Mac nao wana vitafutio vyao vya kikomo cha kipato kwa anwani. Mamlaka ya nyumba ya jimbo lako huwa na orodha au ramani ya maeneo lengwa.

Chapisha kila jibu, au lihifadhi kama picha yenye tarehe. Ramani hubadilika, na siku ubishi ukizuka karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea.

Anwani haionekani kwenye ramani. Nifanyeje?

Hutokea sana kwa nyumba mpya ambazo barabara yake haijaingia kwenye mifumo. Usikubali jibu la "nyumba ya jirani imo, basi na hii imo". Sogeza alama kwa mkono hadi juu ya kiwanja, au tumia namba ya kiwanja ya kaunti kupata mahali halisi. Kiwanja kikiwa karibu na mstari, mwombe mkopeshaji apate jibu la maandishi kutoka ofisi ya USDA ya jimbo. Neno la dalali wa nyumba halina uzito hapa, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Mkopo wa USDA ni wa wakulima?

Hapana, na dhana hii imewanyima wengi. Huhitaji shamba wala jembe. Tena nyumba inayonunuliwa kama shamba la biashara haikubaliwi. "Kijijini" kwa maana ya wizara hii ni mahali penye watu wachache, na mara nyingi ni mji mdogo wenye lami, maji ya bomba na shule, dakika 30 au 40 kutoka jiji kubwa.

Kwa kawaida ni mahali penye watu wasiozidi 10,000 na penye sura ya kijiji. Penye watu 10,000 hadi 20,000 panaweza kuingia kama pako nje ya eneo la jiji kubwa na mikopo ya nyumba ni haba hapo. Baadhi ya miji iliyokuwa imekubaliwa zamani inaendelea kukubaliwa ilimradi haizidi watu 35,000. Kwa hiyo Louisville yenyewe haimo, na Portland ya Maine haimo, lakini vimji vya kaunti za pembeni mara nyingi vimo. Waswahili wengi huishi jijini kwa sababu ndugu, msikiti au kanisa viko huko. Piga hesabu ya mafuta na ya gari la pili kabla ya kufurahia kuokoa malipo ya awali.

USDA ya dhamana na USDA ya moja kwa moja zina tofauti gani?

Ya dhamana hutolewa na benki au mkopeshaji wa kawaida, na wizara inamkinga mkopeshaji dhidi ya hasara. Kipato cha kaya kisizidi asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo. Mkopo ni wa miaka 30, riba haibadiliki, malipo ya awali ni sifuri. Muuzaji anaruhusiwa kukuchangia hadi asilimia 6 ya bei kwa gharama za kukamilisha ununuzi.

Ya moja kwa moja hutolewa na wizara yenyewe kwa wenye kipato cha chini na cha chini sana. Ruzuku inaweza kushusha malipo hadi kana kwamba riba ni asilimia 1. Muda ni miaka 33, na kwa wenye kipato cha chini sana unaweza kufika 38. Lakini ruzuku ile si sadaka tupu. Ukiuza au ukihama, sehemu yake inaweza kudaiwa kutokana na thamani iliyoongezeka. Watu husaini karatasi hiyo bila kuisoma, halafu miaka kumi baadaye wanashangaa.

Sifuri ni sifuri kweli? Nipeni hesabu.

Tuchukue nyumba ya dola 200,000, mkopo wa USDA wa dhamana. Kuna ada ya dhamana ya asilimia 1, na inaruhusiwa kuingizwa ndani ya mkopo. Kwa kuwa asilimia hiyo hupigwa juu ya mkopo mzima pamoja na ada yenyewe, mkopo unakuwa kama dola 202,020. Kisha kuna ada ya mwaka ya asilimia 0.35, yaani karibu dola 707 kwa mwaka wa kwanza, au dola 59 kwa mwezi. Hupungua kadiri deni linavyopungua.

Nyumba hiyohiyo kwa FHA: malipo ya awali ya asilimia 3.5 ni dola 7,000. Bima ya mkopo ya mwanzo (inayomkinga mkopeshaji) ya asilimia 1.75 ya mkopo wa 193,000 ni dola 3,377.50, nayo kwa kawaida huingizwa kwenye mkopo. Bima ya kila mwaka kwa wengi ni asilimia 0.55, karibu dola 88 kwa mwezi.

Gharama za kukamilisha ununuzi hazimo katika hesabu hizi mbili, na kwa USDA ndizo zinazowashtua watu. Uthamini, hati, kodi ya majengo ya miezi kadhaa mbele na bima ya nyumba lazima vilipwe na mtu. Kama muuzaji hakukubali kuchangia, jiandae kuzitoa mfukoni.

Tunaishi na shemeji na mama mkwe. Kipato chao kinahesabiwa?

Hapa ndipo familia zetu zinapokwama, kwa hiyo soma polepole.

Kwa USDA, kinachotazamwa dhidi ya kikomo ni kipato cha watu wazima wote watakaoishi katika nyumba, hata wasioweka sahihi kwenye mkopo. Mume na mke wanaweza kuwa chini ya kikomo vizuri kabisa, lakini shemeji anayefanya kazi ghalani akiongezwa wanavuka. Yapo makato yanayosaidia, kwa mfano kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 18, kwa gharama za kulelewa watoto wadogo wazazi wakiwa kazini, na kwa kaya ya wazee. Kijana mzima anayesoma chuo muda wote, ikiwa si mkopaji wala mwenzi wake, huhesabiwa sehemu ndogo tu ya kipato chake. Mwambie mkopeshaji ayapige yote. Wengine huona jumla imezidi wakakataa papo hapo bila kuyagusa.

Hesabu hiyo ni ya kujua kama mnastahiki. Ya kujua kama mnaweza kulipa ni nyingine, na humo anaingia aliyesaini peke yake. Mwongozo ni kwamba malipo ya nyumba yasizidi asilimia 29 ya kipato, na madeni yote pamoja yasizidi 41. Kipato cha shemeji kinaweza kukuondoa kwenye programu bila kukusaidia kulipa hata senti. Ni sheria inayoudhi, lakini ndivyo ilivyo.

HomeReady ya Fannie Mae na Home Possible ya Freddie Mac hufanya kinyume. Hutazama kipato cha waliosaini tu, na kisizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo ilipo nyumba. Malipo ya awali ni asilimia 3, dola 6,000 kwa nyumba ya 200,000. Kaya kubwa yenye wafanyakazi wengi mara nyingi hupita huku kirahisi zaidi.

Usifiche mtu. Kusema mama mkwe haishi hapo wakati anaishi ni udanganyifu katika mkopo wa shirikisho, na ni jinai.

Nimewahi kumiliki nyumba. Bado naweza kupata mkopo wa jimbo wa mnunuzi wa kwanza?

Pengine, na hapa mtaa hukusaidia. Mikopo ya mamlaka za nyumba inayotokana na hati fungani zisizotozwa kodi huhitaji mnunuzi asiwe amemiliki makazi yake katika miaka 3 iliyopita. Sharti hilo huondolewa katika maeneo lengwa. Aina moja ya maeneo hayo ni kata za sensa ambazo angalau asilimia 70 ya familia zina kipato kisichozidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha jimbo. Humo vikomo vya kipato na vya bei ya nyumba navyo hupanda.

Uliza mapema kuhusu kodi ya marejesho, yaani kodi ya shirikisho inayorudisha sehemu ya nafuu uliyoipata kwenye mkopo huo. Inakuhusu iwapo mambo matatu yametokea pamoja: umeuza ndani ya miaka 9, umepata faida, na kipato chako kimepanda kupita kiwango kilichowekwa. Haizidi asilimia 6.25 ya mkopo wa awali wala nusu ya faida, kiwango kilicho kidogo ndicho kinachotumika. Wengi hawailipi kamwe, ila fomu namba 8828 hujazwa mwaka wa kuuza hata kama deni ni sifuri.

Nasikia mwalimu anauziwa nyumba kwa nusu bei. Ni kweli?

Ni kweli, na masharti yake ni makali. Programu ya HUD iitwayo Good Neighbor Next Door hupunguza asilimia 50 ya bei ya nyumba zilizo mikononi mwa HUD ndani ya maeneo ya ufufuaji. Wanaostahiki ni polisi, walimu wa kuanzia shule ya awali hadi darasa la 12, wazima moto, na wahudumu wa dharura za afya, wote wa kazi ya muda wote. Mwalimu lazima afundishe shule inayohudumia watoto wa eneo la nyumba hiyo. Wauguzi na wasaidizi wa wagonjwa hawamo, na tunalitaja hili kwa sababu ndizo kazi za wengi wetu.

Nusu iliyopunguzwa huandikwa kama rehani ya pili isiyo na riba wala malipo, nayo hupungua kwa 1/36 kila mwezi unaoishi humo. Nyumba ya dola 120,000 ina rehani ya kimya ya 60,000, na kila mwezi zinafutika kama dola 1,667. Ukiondoka baada ya miezi 20, unadaiwa takriban dola 26,667. Ukikaa 36, hudaiwi kitu. Wanaoomba nyumba moja wakiwa wengi, hupigwa kura.

Nyumba hizi ni chache na huuzwa zilivyo. Bomba zilizopasuka kwa baridi na paa linalovuja ni mambo ya kawaida, kwa hiyo lipa mkaguzi wako mwenyewe.

Kiwango cha juu cha mkopo kinatofautianaje kwa kaunti?

Mwaka 2025 FHA iliruhusu hadi dola 524,225 kwa nyumba ya familia moja katika kaunti za bei nafuu, na hadi 1,209,750 katika kaunti ghali. Kikomo cha kawaida cha Fannie Mae na Freddie Mac mwaka huohuo kilikuwa 806,500. Hutangazwa upya kila mwisho wa mwaka.

Je, kutoa mkopo kwa kuangalia mtaa si ubaguzi?

Swali zuri, kwani ulikuwa ubaguzi hasa. HOLC, shirika la serikali la mikopo ya nyumba lililoundwa mwaka 1933, lilichora ramani za miji kwa rangi nne: kijani kwa mitaa "bora", kisha buluu, manjano, na nyekundu kwa mitaa "hatari". Mitaa ya watu weusi ilitiwa nyekundu karibu kila mahali. FHA, iliyoanzishwa 1934, nayo ilikataa kudhamini mikopo katika mitaa ya namna hiyo kwa miongo kadhaa. Sheria ya Makazi ya Haki ya 1968 ilipiga marufuku ubaguzi huo. Ya 1975 ikalazimisha wakopeshaji kutoa takwimu za mikopo yao, na ya 1977 ikazitaka benki zihudumie jamii zote wanakochukua amana, zikiwemo za kipato cha chini.

Programu za leo za kata za sensa zimezaliwa humo: mbinu ileile ya ramani iliyotumiwa kunyima sasa inatumiwa kupeleka. Baadhi ya benki zimekwenda mbele zaidi. Mwaka 2022 Bank of America ilianza mkopo usio na malipo ya awali wala bima ya mkopo katika mitaa teule ya Charlotte, Dallas, Detroit, Los Angeles na Miami. Misaada ya benki huanza na kuisha bila kelele, hivyo thibitisha kwa barua kuwa fedha zipo.

Ukikataliwa, mkopeshaji analazimika kukupa sababu. Ukiona sababu halisi ni mtaa wa watu weusi au asili yako, peleka malalamiko HUD. Ni bure.

Sina uraia. Naruhusiwa?

USDA hukubali raia na wageni wanaotambuliwa na sheria ya shirikisho kuwa wanastahiki, wakiwemo wenye grini kadi, wakimbizi waliopokewa rasmi na waliokwisha kupewa hifadhi. Ombi la hifadhi linalosubiri halitoshi. FHA, kuanzia tarehe 25 Mei 2025, haikubali tena wasio na ukaazi wa kudumu. Fannie Mae na Freddie Mac hutazama kama uko nchini kihalali na nyaraka zinaonyesha.

Sichukui riba. Nina njia?

Programu zote zilizotajwa hapa ni za riba. Zipo kampuni za musharaka inayopungua (wewe na kampuni mnamiliki nyumba pamoja, nawe unainunua sehemu yake kidogo kidogo), kama Guidance Residential, ambazo mikataba yake hununuliwa na Freddie Mac. Waulize moja kwa moja kama msaada wa mtaa wa jimbo au wa benki unaweza kuunganishwa na mkataba wao.

Anwani imekubaliwa. Ni nini kinachoweza bado kuharibika?

Kwanza, mafuriko. Nyumba ikiwa katika kanda za FEMA zinazoanza na A au V, bima ya mafuriko ni lazima kwa mkopo wa shirikisho. Bima hiyo huingia kwenye malipo ya mwezi na inaweza kukuvusha ile asilimia 29 ya kipato. Pata bei yake kabla ya kipindi cha ukaguzi kuisha.

Pili, kisima na shimo la maji taka, ambavyo mtu aliyetoka fleti ya jijini hajawahi kuviwaza. Maji hupimwa maabara. Umbali unaotakiwa ni futi 50 kutoka kisimani hadi tangi la maji taka na futi 100 hadi uwanja wa kunyonyea, pale maji taka yanaponyonywa na ardhi. Umbali ukiwa pungufu, hakuna fundi atakayeurekebisha kwa wiki moja.

Tatu, muda. Faili la USDA likishapitishwa na mkopeshaji huenda tena wizarani kusubiri ahadi ya dhamana, na foleni hubadilika kwa jimbo na msimu. Serikali ya shirikisho ikifungwa kwa kukosa bajeti, ahadi mpya husimama. Mkataba wako uwe na nafasi ya kuongeza siku bila kupoteza amana.

Nne, ramani kubadilika katikati ya safari. USDA inaweza kulinda maombi yaliyokwisha ingia, lakini itataka kuona mkataba uliosainiwa na maombi kwa mkopeshaji, vyote vya tarehe ya kabla ya badiliko. Toa ile picha uliyohifadhi siku ya kwanza, umpe mkopeshaji pamoja na mkataba.